Ole wa Solskjær ana undugu na ole ya Wamaasai?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi, jamaa mmoja amekomaa kwamba Ole Gunnar Solskjær, yule mchezaji na kocha wa zamani wa Man U, lazima ana damu ya Kimaasai kwa sababu ya hiyo Ole, anasema mbona hata kina William ole Ntimama, yule mwanasiasa Mmaasai wa Kenya, wanayo. Hebu tusaidie, hiyo Ole ya Norwei imetokea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu yangu, undugu hapo hakuna, ni sauti tu zimegongana. Ole ya Kimaasai sio jina, inafanya kazi kama "wa" yetu, inamuunganisha mwanaume na baba au ukoo wake, ndo maana inakaa katikati. Ole ya Solskjær ni jina lake kabisa alilopewa na wazazi.

Na hilo jina lina historia tamu sana. Asili yake ni Olav, jina la kale la watu wa Skandinavia lililoungwa na maneno mawili, mhenga na mrithi, yaani mtoto anayebaki kushika nafasi ya wazee waliotangulia, na kwa sisi tunaowapa wajukuu majina ya babu zao hilo halihitaji maelezo marefu. Lilivuma zaidi baada ya mfalme Olav wa Norwei kuuawa vitani Stiklestad mwaka 1030 na watu wakamfanya mtakatifu, likasambaa na kanisa, kila nchi ikalitamka inavyoweza. Norwei Olav, Uswidi Olof (ndo huyo Olof Palme, waziri mkuu rafiki wa Mwalimu Nyerere), Denmark Oluf, Iceland Ólafur, Ufini wakasema Olavi. Hadi leo visiwa vya Faroe wana sikukuu yake kila tarehe 29 Julai.

Norwei wanalienzi mno. Walipoachana na Uswidi mwaka 1905 wakamchukua mwanamfalme wa Denmark awe mfalme wao, na mtoto wake mdogo aliyekuwa anaitwa Alexander akabadilishwa jina akawa Olav, akaja kutawala 1957 mpaka 1991.

Sasa Ole ni Olav iliyofupishwa midomoni mwa watu, Denmark na Norwei, halafu ikasimama yenyewe kama jina. Aliyeanzisha LEGO, kampuni ya vitofali vya kuchezea watoto, alikuwa Ole, Ole Kirk Christiansen. Na ukisikia Olsen ujue ni mwana wa Ole, ila siku hizi ni jina la ukoo tu, wakati Iceland bado wanamaanisha kweli, baba akiwa Ólafur mtoto wa kiume ni Ólafsson na wa kike Ólafsdóttir.

Mwambie na huyo jamaa yako, Wanorwei wenyewe wanatamka kama "Ule", na Solskjær kwao ni Ole Gunnar, yote mawili kwa pamoja.