Re: Limau kwanza au asidi ya kuchubua uso?

Dada wa Kisumu, umeuliza kama upake limau kisha asidi ya glikoliki ya asilimia 30 ili madoa ya chunusi yatoke haraka. Tafadhali usifanye hivyo. Limau lina pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikipungua ukali unazidi) ya karibu 2, ngozi karibu 5, na ukitoka na maji ya limau usoni kwenye jua la huko unaweza kuungua. Ngozi yetu nyeusi ikiungua hata kidogo, inaweza kuacha doa jeusi zaidi ya lile la kwanza.

Asilimia 30 mwachie daktari wa ngozi. Nyumbani anza na asidi ya laktiki ya asilimia 5, usiku mmoja kwa wiki. Ijaribu nyuma ya sikio na ungoje siku mbili. Kuwashwa kidogo ni kawaida. Ukiona weupe kama chumvi, imeingia ndani mno, osha papo hapo kwa maji mengi baridi. Mchana paka losheni ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, hata kukiwa na mawingu.

Maski? Maziwa lala vijiko viwili vya chai, asali kimoja, dakika 10. Yana asidi hiyohiyo ila kidogo: yatalainisha ngozi, madoa hayatayatoa. Yakibaki, usiyaweke hadi kesho.