Injini ya Ferret imejamu, nilivute gari kwa trekta?

SWALI: Fundi, heshima yako. Mwezi uliopita nilinunua gari la deraya la Uingereza aina ya Ferret, lililokaa uwanjani chini ya turubai kwa zaidi ya miaka 20. Nataka kulifufua mwenyewe nyumbani. Nina karakana ndogo na vifaa vya kutosha. Injini haizunguki kabisa. Jirani yangu, fundi wa malori, anasema nimwage dizeli kwenye silinda, nisubiri hadi asubuhi, kisha nilivute kwa trekta likiwa kwenye gia mpaka injini iachie, kwa sababu "gari la vita halivunjiki". Sakafuni pia kuna sehemu mbili zimeliwa na kutu, naye yuko tayari kuzichomelea viraka siku hiyohiyo. Nianze na lipi?

JIBU: Rudisha trekta la watu. Hayo mengine tutayafikia.

Hiyo kauli kwamba gari la vita halivunjiki, haipiti wiki bila kuisikia, na kila nikiisikia najua kuna giaboksi mahali fulani inakaribia kupasuka. Ugumu wa Ferret uko kwenye ngozi. Ngozi hiyo ni bamba la chuma lenye unene wa milimita 6 hadi 16 kutegemea upande, na kazi yake ni kuzuia risasi za bunduki za mkononi na vipande vya makombora. Ukishapita ngozi unakuta mashine nyororo kuliko lori lolote alilowahi kulishika jirani yako: injini ya petroli ya Rolls-Royce B60, silinda sita, lita 4.26, flaiwili ya mafuta mahali pa klachi, giaboksi ambayo dereva huchagua gia kabla ya kukanyaga pedali ya kuiingiza, yenye gia tano na mikanda inayobana ngoma zake kwa vipimo vya unywele, kisha shafti nne, moja kwa kila gurudumu. Daimler, kampuni ya Uingereza, waliyaunda magari haya tangu 1952 hadi 1971, zaidi ya 4,400, wakijua kila moja litahudumiwa na mafundi wa jeshi wenye kitabu mkononi. Miaka 20 chini ya turubai haimo kwenye kitabu hicho.

Ushauri wa trekta haufai hata kabla hatujafika kwenye madhara yake. Lori lina klachi kavu, kwa hiyo ukilivuta likiwa kwenye gia magurudumu yanaizungusha injini moja kwa moja. Ferret haina kitu hicho. Kati ya injini na giaboksi kuna vikombe viwili vinavyotazamana ndani ya mafuta bila kugusana. Kimoja kikizunguka kwa kasi, mafuta ndiyo yanayokisukuma cha pili. Kwa mwendo wa trekta nguvu inayovuka hapo ni kiduchu. Utazunguka uwanja mzima, mafuta yatakorogeka, injini itakaa kimya vilevile. Aliyekupa ushauri huo hajawahi kufungua gari hili. Na ukiongeza mwendo mpaka nguvu ivuke, ringi za pistoni zilizoshikana na kutu ya silinda haziachii kwa adabu. Zinakatika, na vipande vinachora ukuta. Silinda iliyokuwa ipone kwa kusubiri wiki mbili sasa inakwenda kuchongwa.

Nianze na lipi, unauliza. Anza na maji. Bodi ya Ferret ni sanduku la mabamba yaliyochomelewa. Sanduku hilo linazuia risasi isiingie, lakini mvua inapita kwenye milango ya juu, na ikishaingia haina pa kutokea. Chini kuna vizibo vya kutolea maji, navyo ndivyo vya kwanza kukamatwa na kutu. Gari la mwisho nililolipokea, kizibo kilipoachia tulisimama robo saa nzima tukitazama maji meusi yakitoka, halafu majani yaliyooza, halafu utelezi wa mafuta. Tulipofungua giaboksi, oili ilikuwa nyeupe kama maziwa. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua rangi ya kijani ya jeshi, makopo manne.

Kwa hiyo vizibo kwanza, kisha kagua kila nyumba ya oili: injini, flaiwili, giaboksi, kasha la kugawa nguvu, na makasha ya gia yaliyo kwenye magurudumu. Legeza nati ya chini, acha kijiko kimoja kidondoke kwenye kopo la wazi. Maji hukaa chini, yatatangulia kutoka. Usizungushe chochote, hata kwa mkono, kabla hujajua beringi zake zimelala kwenye nini.

Ndipo uje kwenye injini. Toa plagi zote sita na umulike ndani. B60 ina vali za kuingiza hewa juu kwenye kichwa, na vali za kutoa moshi pembeni ndani ya bloku, na hizo za pembeni ndizo hupenda kuganda. Zitazame kabla hujazilaumu pistoni. Changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, umimine vijiko vichache kila silinda, uongeze kila siku. Dizeli si sumu, ni mvivu tu wa kupenya. Fanya hivyo wiki nzima, mbali na cheche, maana asetoni inawaka upesi. Kisha ushike krenki kwa spana na ujaribu mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu anayetikisa jino la mtoto. Likisogea milimita mbili, umeshinda. Acha hapo, ongeza mafuta, urudi kesho. Iliyonisumbua kuliko zote ilinichukua wiki sita, na siku ilipoachia haikutoa hata mlio. Baada ya hapo mwaga oili yote, kwa sababu asetoni imeshateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, weka mpya, uzungushe bila plagi mpaka geji ya presha ya oili inyanyuke. Petroli ya majaribio itoke kwenye kigaloni kidogo pembeni. Iliyobaki tangini imeshakuwa vanishi.

Breki nitazigusa harakaharaka: magari ya jeshi ya zamani mengine hutumia mafuta ya madini na mengine hutumia majimaji ya breki ya kawaida. Ukichanganya, mipira ya silinda za breki inavimba na gari linakosa breki. Soma kibao cha gari na kitabu cha aina yako. Usimuulize mtu dukani.

Sasa viraka. Hapa ndipo subira yangu hukatika, kwa kuwa madhara hayaonekani siku ile. Jirani atachomelea jioni, mtapiga rangi asubuhi, na mstari utapendeza. Bamba la deraya ni chuma kilichochanganywa na metali nyingine na kutibiwa kwa joto ili kiwe kigumu, na chuma cha namna hiyo kikipozwa upesi pembeni ya mstari wa kuchomelea kinavunjika kama kioo. Ongeza unyevu wa elektrodi za kawaida zilizolala karakanani: unyevu unageuka haidrojeni, haidrojeni inajipenyeza kwenye chuma, na ufa unatokea baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, chini ya rangi, pembeni ya kiraka. Hauoni kitu mpaka siku unayonyanyua gari kwa jeki mahali hapohapo. Hata katika vita vya pili vya dunia viwanda vilichomelea deraya kwa elektrodi za chuma cha pua kwa sababu hiyohiyo. Nawe fanya hivyo, au tumia elektrodi zenye haidrojeni kidogo zilizokaushwa kwenye oveni yake, pasha bamba joto kwanza, acha lipoe taratibu. Kwanza kabisa gonga kwa nyundo ujue kama panapovuja ni bamba lenyewe au ni kifuniko cha chuma laini tu. Mara nyingi ni kifuniko, na hicho kinachomelewa na yeyote. Na hakuna kuchomelea ndani ya bodi tangi likiwa lingali mle. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama sakafuni kwenye sanduku hilo kama maji yale ya mvua, na pua yako iko juu.

Kuna video zinazozunguka za mtu anayefufua deraya siku mbili: anapuliza vumbi la breki kwa kompresa, anapiga nyundo, injini inanguruma, watu wanashangilia. Vumbi lile kwenye breki za miaka ile aghalabu ni asbesto. Asbesto hailoweshwi kwa kushangilia. Inaloweshwa kwa maji, na wewe umevaa barakoa ya kuzuia chembe ndogo, wala si kitambaa.

Usijali sana rangi, redio wala bunduki ya mnarani. Hiyo ya mwisho iulizie sheria kabla ya fundi. Jali tairi. Kwenye Ferret magurudumu ya upande mmoja, la mbele na la nyuma, yamefungamana kwa shafti. Difu ni moja tu, inagawa nguvu kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Ukifunga tairi mpya mbele na kuukuu nyuma, zinakwenda umbali tofauti kwa mzunguko mmoja, na tofauti hiyo haina pa kupumulia ila kuzikaza shafti mpaka kasha la gia liseme. Nunua nne zenye kimo kimoja au usinunue. Hata zikilingana, kwenye lami kavu mkazo hujikusanya. Ndiyo maana madereva wake wa zamani walipandisha gurudumu kwenye ukingo wa barabara kila baada ya mwendo, ili liteleze na kuachia.

Na hapo hapo kwenye gurudumu kuna kitu ambacho nakiandikia kila mtu, mwenye Ferret au mwenye jeep ya vita. Rimu hizi ni vipande viwili vilivyokazwa pamoja kwa mduara wa nati, na jirani na mduara huo kuna mduara mwingine, wa nati zinazoshika gurudumu kwenye gari. Anayetaka kutoa gurudumu huku ana haraka hufungua mduara usio wake. Upepo ulio ndani unasukuma nusu ya rimu kwa nguvu ya tani kadhaa, na nati ya mwisho haisubiri ufungue. Watu wamekufa hivi wakiwa wameinama juu ya gurudumu. Majeshi mengine yalipaka nati hizo rangi nyekundu. Yako itakuwa imeshafunikwa na kijani mara tano. Tena tairi za Ferret zilitengenezwa zitembee hata zikitobolewa, kuta zake ni ngumu, kwa hiyo tairi tupu na tairi iliyojaa zinafanana machoni. Toa kiini cha vali kwenye kila gurudumu, pitisha waya mwembamba kwenye tundu uhakikishe halijaziba kwa kutu, usikilize mpaka kimya, ndipo ushike spana. Fanya hivyo leo, kabla jirani hajarudi na boksi lake la vifaa.