Mtoto wa miaka mitatu aangaliwe na nani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni wa Matondoni. Alfajiri natoka kwenda mjini Lamu kuuza mahamri. Mwanangu wa miaka mitatu namwachia dadake wa gredi ya nne, na sasa shule anaikosa mara kwa mara. Chekechea ya serikali wamenambia nimrudishe akitimia miaka minne. Mzee mmoja mtaani anasema malezi si kazi ya serikali. Ni kweli?
Mama wa wawili, Matondoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na mzee wetu muonyeshe maandishi kwa heshima. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea, na papo hapo ikataja vituo vya kulelea watoto. Madarasa ya PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya chekechea, tunayaona. Hivyo vituo vya walio wadogo zaidi ndivyo vilivyosahauliwa, ilhali ubongo wa mtoto hukua mbio zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo, kwa chakula, usingizi, na mtu wa kuzungumza na kucheza naye.

Usiende kwa mbunge. Jambo hili ni la kaunti, basi nenda kwa mwakilishi wa wadi, tena mapema. Kaunti hupeleka mpango wa maendeleo kwenye bunge lake kufikia Septemba 1, mwelekeo wa matumizi Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Ukienda Juni, chungu kimeshaepuliwa. Sheria inataka wananchi wasikizwe, lakini mkutano ukiitishwa mjini asubuhi, mama aliye kazini atasikizwa vipi? Jambo hili linanikera sana. Daini mkutano uje Matondoni baada ya alasiri. Ikishindikana, pelekeni maoni kwa maandishi, na nakala yenu ipigwe muhuri.

Msiandike “tusaidiwe” tu. Andikeni watoto ni wangapi, umri wao, na mama zao hutoka saa ngapi. Jengo msiombe kwanza: kama chuo chenu cha Kurani husomesha jioni, asubuhi chumba ki wazi, mzungumzeni na maalim. Mombasa walianza chekechea za madrasa tangu miaka ya 1980. Ombeni mlezi aliyefunzwa na anayelipwa mshahara, maji, choo cha kimo cha mtoto, na uji. Kwenye uji msilegeze. Nimefundisha chekechea upande wa Faza. Unga ulipoisha, saa nne watoto walikuwa wamelala mkekani, na kesho yake wengi hawakuja. Mhudumu wa afya ya jamii naye apite hapo kuwapima na kuhakikisha wanapata vitamini A kila miezi sita.

Binti yako mtajeni katika barua hiyohiyo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na mlezi mmoja akilipwa, madada kadhaa watarudi darasani. Lakini bajeti huchukua miezi, na yeye masomo yanampita sasa. Tafuta akina mama wanne watano mnaoaminiana, mpokezane siku za kukaa na wadogo, binti arudi shule wiki hii.