Mpelelezi wako wa Mikindani hawezi kuamka asubuhi akakimbia

Ndugu mwandishi, umeuliza kama tukio hili linaaminika: mpelelezi anapigwa risasi ya bega pale Mikindani, anarushwa hadi ukutani, anaichokoa risasi kwa kisu baada ya kunywa gongo, na kulipokucha anamfukuza mhalifu hadi Mtwara mjini. Nimekuwa tabibu katika mkoa wa Lindi kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu. Majeruhi wa risasi hawakuwa wengi, lakini niliowapokea sijawasahau.

Mtu harushwi. Risasi ya kawaida ya bastola ina gramu 8 hivi, na hata ikienda kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde haina msukumo wa kuusogeza mwili wa kilo 70; ingekuwa nao, aliyefyatua naye angetupwa nyuma. Majeruhi huanguka kwa sababu mfupa umevunjika, uti wa mgongo umeguswa au hofu imemlegeza, na wapo wanaoendelea kukimbia hadi waone nguo imelowa.

Bega ndilo linalonikera zaidi, maana kila mwandishi akitaka shujaa aumie kidogo humpiga hapo. Chini ya mtulinga unapita mshipa mkubwa wa damu uendao mkononi, umeandamana na mafungu ya neva, na ncha ya pafu iko papo hapo. Risasi ikipita hapo, akipona ana bahati, na huenda mkono ukaning'inia kwa miezi kadhaa. Kisu nacho kitang'oa damu iliyoganda na kuanzisha upya kilichokuwa kimetulia. Hospitali nyingi huiacha risasi ndani ikiwa haijakaa mahali pa hatari, kwa kuwa kinachoua ni damu inayopotea na uchafu ulioingia, si kile chuma chenyewe.

Halafu, mbona wahalifu wako wote wana bastola? Huku kusini jeraha nililolizoea ni la gobore, lile linalomiminiwa baruti mdomoni, kisha likashindiliwa kitambaa na vipande vya nondo. Usiku mmoja wa masika aliletwa kijana kutoka upande wa Liwale, aliyepigwa pajani na mwenzake walipokuwa wakivizia nguruwe waliokuwa wakimaliza muhogo shambani. Walikuwa wamehangaika na tope tangu alfajiri. Hakuwa akipiga kelele kama wanavyopiga kwenye filamu. Aliomba maji tu, tena na tena, kwa sauti ya chini. Ngozi ilikuwa baridi na imelowa jasho, mapigo ya moyo yalizidi 130 kwa dakika, na alimwita kaka yake kwa jina la baba yao. Tulipoikata suruali tuliona matundu matano yasiyolingana, kingo zake zikiwa na weusi wa baruti, na ndani ya moja kulikuwa na kipande cha kanga kilichotumika kushindilia. Nyuma ya paja hapakuwa na tundu hata moja.

Hiyo kiu na huko kuchanganyikiwa ndiko unakopaswa kukuandika. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Akipoteza nusu lita utamwona wa kawaida. Akivuka lita moja na nusu mapigo hukimbia na presha huanza kushuka. Akikaribia mbili akili hupotea njia, hata kama sakafuni hakuna dimbwi, kwani paja lililovunjika linaweza kuficha zaidi ya lita moja.

Usiisahau pia PF3, fomu ya polisi ambayo hospitali huiulizia mtu akija na jeraha la namna hiyo. Mimi nilianza na mgonjwa, fomu ikafuata, lakini mhalifu wako aliyejeruhiwa ataiogopa kuliko maumivu, na hapo una sura nzima ya hadithi: nani atamtibu kwa siri, na kwa vifaa gani?

Yule kijana aliongezewa damu ya kaka yake na ya dereva aliyewaleta, akasafishwa kidonda mara nne, akachomwa sindano ya pepopunda. Miaka kadhaa baadaye tulikutana Nachingwea msimu wa korosho, anachechemea. Akanishika kidole, akakiweka juu ya kinundu kigumu chini ya ngozi ya paja, akaniambia, "Daktari, cha kwako hiki, ulikisahau."