Limau Lilivyonilia Hela ya Bibi

Juzi kijana mmoja kanitumia picha ya sarafu inayong'aa kama sufuria mpya. "Shikamoo kaka. Hii hela 20 ya Mjerumani ni milioni ngapi? Nimeshaisafisha." Niliiweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Maana hata yangu niliisafisha. Niliikuta kwenye kopo la vifungo la bibi: rangi ya kahawa iliyoungua, taji juu, D.O.A. (kifupi cha Afrika Mashariki ya Wajerumani kwa lugha yao), 1916, na herufi T chini. Nikachukua limau na majivu, nikasugua mpaka ikawa nyekundu kama kidole chenye hina. Binamu zangu nikawatangazia kuwa nitainunulia kiwanja. Mnunuzi akaitazama kwa lenzi, hakuuliza hata jina langu, akasema, "Nani kakutuma uioshe?" Bei aliyotaja inatosha chai na chapati mbili. Nilirudi nayo nyumbani, na hadi leo binamu wananiita Bwana Kiwanja.

Ndugu zangu, msioshe. Ule weusi ndio ngozi ya sarafu; ukiutoa haurudi.

Miaka niliyokaa nikijifunza siisimulii. Kwa kifupi, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikuwa wamefunga bahari na fedha kutoka Ujerumani ikawa haifiki, Wajerumani wakapiga zao kwenye karakana ya reli Tabora. T ndiyo hiyo Tabora. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Kazi ya haraka haifanani: kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Nyuma, angalia herufi L mbili za neno HELLER, yaani hela. Kuna ambazo ncha zake zimejikunja, na kuna zilizochongoka. Halafu kuna madini. Za shaba ya njano zilipigwa kwa wingi, za shaba nyekundu ni chache zaidi. Sasa mbili zikilala kiganjani utaapa ni pacha, kumbe moja bei yake ni mara kadhaa ya mwenzake. Zikishakuwa nyeusi zote, tazama sehemu zilizolika, kama ukingo wa taji, rangi inajitokeza yenyewe. Usikwangue! Nasema tena, usikwangue wala usioshe.

(Na nyie mnaobomoa kuta za maboma ya Mjerumani mkitafuta rupia mnazodai zina zebaki, mimi sina la kuwaambia.)

Mwaka jana mzee mmoja alikuwa na bakuli la vyuma chakavu sokoni. Ndani yake T, nyekundu, haijaonja limau. Mikono ilinitetemeka, ila uso niliukaza. Nikamlipa alichotaka na cha juu kidogo. Niliiuza kwa bei ambayo siiandiki hapa, mke wangu anasoma. Waliocheka kiwanja sasa wananipigia simu usiku kuulizia vifungo vya bibi zao. Watu wana haraka mno, hawataki kusoma, wanataka milioni.

Kijana kaandika tena asubuhi hii: "Kaka, nikiipaka mafuta ya nazi weusi utarudi?"

Hautarudi, mdogo wangu. Ya bibi niliipaka mwezi mzima.