Dari ya jipsamu: malizana kwanza na vilivyo juu yake

Nimesimamia dari ya jipsamu kwenye nyumba mbili, yangu na ya mama, zote Dar es Salaam. Wanaoniuliza huanza na bei ya bodi. Mimi huanza na swali: bati lako linavuja?

Jipsamu na maji havipatani. Tone likidondokea palepale kila mvua, bodi inapata doa la kahawia, inalegea, mwisho inashuka na rangi yake. Ukishapaua, subiri mvua kubwa inyeshe nyumba ikiwa bado wazi juu, upite chumba kwa chumba ukikagua kenchi, yaani fremu zinazobeba bati. Kwa mama, fundi alitaka kuanza haraka. Nikamwambia tungoje masika. Yalipofika tukakuta maji yanapenya kwenye kofia ya bati, ile inayofunika kilele cha paa. Kuziba ilikuwa kazi ndogo, kwa kuwa kila kitu kilionekana.

Fundi umeme naye amalize mabomba ya nyaya kabla ya bodi ya kwanza kupanda. Feni isifungwe kwenye jipsamu hata kwa kubembelezwa: ndoano yake ishike kenchi, au mbao nzito iliyopigwa baina ya kenchi mbili.

Fremu ya kushikia bodi iko ya mbao, ile blandaring, na iko ya chuma. Mbao ikiwa mbichi hupinda inapokauka, ndipo nyufa zinatokea kwenye maungio. Na mchwa wa huku mnawajua. Mimi ni mtu wa chuma. Chaneli, yaani vyuma virefu vya fremu hiyo, zining'inizwe kutoka kwenye kenchi, na usawa uchukuliwe kuta zote kwa mpira wa maji, ule mwembamba ambao maji hutulia usawa mmoja ncha zote mbili. Fundi anayekadiria kwa jicho, mpe nauli arudi kwake.

Bodi ya mita 1.2 kwa 2.4 inafunika mita za mraba 2.88. Chumba cha mita 4 kwa 3.6 kwa hesabu kinakula 5. Nunua 6, vipande vya kukata havikosi. Maungio yapishane kama ya matofali, skrubu izame kidogo bila kuchana karatasi. Bafuni weka PVC, dari ya plastiki, yaishe.

Halafu dai kitundu cha kupandia juu, koridoni, sentimita 60 kwa 60. Mafundi wengi hawakiweki mpaka uwaambie, na siku ya kupanda kuwatoa popo utakihitaji: hawasubiri upake rangi ndipo wahamie.