Jibu: Tosca ya Callas ya 1953, toleo jipya au CD ya zamani?

Mkuu, umeuliza kama opera ya Tosca iliyoimbwa na Maria Callas, rekodi ya 1953 iliyosafishwa sauti upya, inafaa kununuliwa wakati CD ya zamani unayo. Nunua tu. Ilirekodiwa La Scala, Milan, Victor de Sabata akiongoza okestra, na mwaka 2014 kampuni ya muziki ya Warner ilirudi kwenye kanda za awali pale studio za Abbey Road, London. Stereo usitegemee, ni mono (sauti ya njia moja tu) na itabaki mono. Ila sikiliza Te Deum, wimbo wa kanisani wa kumsifu Mungu, mwishoni mwa tendo la kwanza: kwaya, kengele na sauti ya mwimbaji Tito Gobbi, vilivyokuwa vimerundikana, sasa kila kimoja unakisikia mahali pake.

Kusafisha rekodi za zamani zaidi, kama za mwimbaji wa opera Enrico Caruso, ni habari nyingine. Santuri zake za 1902 hazikuwa na kanda, na si zote zilizokatwa kwa mizunguko 78 kwa dakika. Fundi akikosea spidi, sauti inapanda na Caruso anakuwa mtu mwingine kabisa. Mimi nawaogopa zaidi wale wanaofuta kila mkwaruzo, maana hufuta na pumzi ya mwimbaji. Kabla hujalipa, sikiliza kionjo kwa hedifoni, hasa zile sehemu za kimya.